Bati la Walikale na Mashine Iliyozimika Ubelgiji



Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Kitshanga ambaye kwa miaka mingi sasa anaishi Ubelgiji, alituletea swali lililotuchekesha kabla ya kutufikirisha. Mashine yake ya kufyonza vumbi imezimika. Fundi wa huko amemweleza kwamba kuifungua, kuichunguza na kuitia kipuri kutamgharimu karibu sawa na bei ya mashine mpya, naye hapendi kutupa kitu ambacho pengine kimeharibika mahali padogo tu. Je, aitengeneze au anunue nyingine? Mzee mmoja wa chama alijibu upesi kwamba anunue ufagio, na kikao kikaangua kicheko.

Kicheko hicho kilikuwa na haki yake. Hapa kwetu vumbi la barabara ya kutoka Sake kwenda Mweso huingia nyumbani bila kubisha hodi, na kila asubuhi hutolewa kwa ufagio wa majani ambao ukilegea hufungwa upya. Ni wachache kati yetu waliowahi kushika mashine ya namna hiyo. Lakini nilipolifuatilia swali la dada yetu katika historia, niliona kwamba halikai Ubelgiji. Linashuka hadi msitu wa Walikale, na kutoka huko linapanda tena mpaka meza ya fundi redio sokoni petu.

Tuanze na mashine yenyewe. Mwaka 1901, mjini London, mhandisi Hubert Cecil Booth aliunda mashine iliyonyonya vumbi badala ya kulipuliza, kama zilivyofanya mashine nyingine za wakati wake. Ilikuwa kubwa mno kupita mlangoni. Farasi waliivuta hadi mbele ya nyumba, injini ya petroli ikanguruma barabarani, na mabomba marefu yakapitishwa madirishani. Sifa yake ilienea ilipotumiwa kusafisha zulia la Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII mwaka 1902. Mashine ile ilikuja na mafundi wake na kuondoka nao. Mwenye nyumba hakuwa na swali la kuitengeneza wala la kuitupa.

Swali hilo lilizaliwa Marekani. Katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, mfagizi wa duka mmoja aitwaye James Murray Spangler alikuwa akisumbuliwa na pumu, na vumbi la ufagio lilimkaba kifua. Mwaka 1907 alichukua mota ya feni, sanduku la sabuni, foronya ya mto na mpini wa ufagio, akaviunganisha kuwa mashine moja ndogo iliyoweza kusukumwa na mtu mmoja. Mwaka uliofuata alipata hataza. Mtaji hakuwa nao, na haki za kuitengeneza zikaenda kwa William Hoover, mwenye kiwanda cha bidhaa za ngozi, ambaye jina lake ndilo lililobaki midomoni mwa watu. Nakipenda kisa hiki. Mfagizi mgonjwa aliokota vitu ambavyo kila kimoja kilikuwa na kazi yake nyingine, akavipa kazi mpya. Fundi yeyote wa Kitshanga angemtambua Spangler kama mwenzake.

Kwa miongo mingi mashine za aina hiyo ziliundwa ili zifunguliwe. Mkanda ulipokatika ulibadilishwa, na vivyo hivyo zile brashi ndogo za kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota, ambazo huisha kama penseli inavyoisha. Mota haikutupwa kwa sababu brashi zake zimekwisha, kama ambavyo hatuchinji mbuzi kwa sababu kamba yake imekatika.

Kilichobadilisha mambo hakikutoka kwenye mashine hizo peke yake. Mwishoni mwa mwaka 1924, mjini Geneva, makampuni makubwa ya taa za umeme, miongoni mwao Osram na Philips, yalifanya mapatano yaliyojulikana kwa jina la Phoebus. Pamoja na kugawana masoko, yalikubaliana kwamba balbu ya kawaida iishi saa 1,000 tu, ingawa tayari zilikuwapo zilizoishi zaidi. Na kiwanda ambacho balbu zake zilidumu kupita kiasi kililipa faini. Msomaji asome tena sentensi hiyo polepole: kulikuwa na faini ya kutengeneza kitu kinachodumu. Mwaka 1932, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, Mmarekani Bernard London aliandika kijitabu akipendekeza serikali iwekee kila bidhaa muda wa kufa, ili watu walazimike kununua na viwanda vipate kazi. Pendekezo lake halikupata kuwa sheria. Halikuhitaji kuwa sheria.

Hata hivyo tusilaumu hila peke yake. Fundi aliyemjibu dada yetu hakumdanganya. Saa moja ya kazi yake hulipwa kwa kipimo cha Ubelgiji, lakini mashine mpya imeunganishwa katika nchi ambako saa ya mfanyakazi ni rahisi, tena kwa maelfu kwa siku moja. Na chini kabisa ya bei hiyo, chini hata ya mfanyakazi wa kiwandani, iko bei ya kile kinachochimbwa ardhini. Kipya kinakuwa rahisi kuliko kilichotengenezwa pale ambapo mtu fulani, mahali fulani, amelipwa kidogo sana mwanzoni mwa njia.

Ukiifungua mashine ya siku hizi utakuta kibao chembamba chenye vipande vidogo vingi, na kila kipande kimeshikizwa kwa doa linalong'aa. Doa hilo ni bati. Sisemi mabati ya paa, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki. Nasema madini yenyewe ya bati, yanayotoka katika jiwe zito jeusi ambalo wachimbaji wetu huliita kasiterite. Karibu nusu ya bati lote linalotumika duniani huishia katika madoa hayo ya kulehemu. Bila bati hakuna redio, hakuna simu, wala kompyuta.

Zamani bati la kulehemu lilichanganywa na risasi. Risasi ni sumu, na Umoja wa Ulaya ulifanya jambo jema kuizuia katika vifaa vingi vya umeme kuanzia tarehe 1 Julai 2006. Lakini palipotolewa risasi palihitaji kuzibwa kwa bati zaidi, na viwanda vilianza kujiandaa mapema, miaka kadhaa kabla ya tarehe hiyo. Ilikuwa miaka hiyohiyo ambapo watu walimiminika Bisie.

Wazee wetu walioanza kazi ya madini wakati wa wakoloni wanajua kwamba kasiterite si jambo geni Kivu. Kampuni ya Minière des Grands Lacs ilianzishwa mwaka 1923. Mwaka 1976 migodi ya Kivu na Maniema iliunganishwa chini ya SOMINKI. Kisha, Oktoba 1985, Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likishikilia bei kwa kununua akiba, liliishiwa fedha, na bei ikaanguka. Familia zilizokuwa zikila kwa mshahara wa kampuni zikabaki na sururu tu. Nitarudi kwenye mwaka huo, maana haunipi amani.

Bisie ni mlima ndani ya msitu wa Walikale. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jiwe jeusi liligunduliwa huko, na katika muda mfupi mji mzima ukaota mahali ambapo hapakuwa na njia ya gari. Mzigo ulitoka mgongoni mwa mtu: kilo 50 katika gunia, takribani kilomita 45 za tope na mizizi, hadi Njingala kwenye barabara kuu. Kutoka hapo magari yaliupeleka Kilambo, ambako kipande cha barabara ya lami kiligeuzwa kuwa uwanja wa ndege, na ndege ndogo zikaupeleka Goma. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kasiterite yote ya Kivu Kaskazini ilitoka katika mlima huo mmoja. Wenye bunduki, wa jeshi na wasio wa jeshi, walikaa juu ya mashimo na kando ya njia, na kila mbeba mzigo alitoa sehemu yake kwao. Vijana wa Masisi walikuwamo. Hakuna jumuiya hapa Kitshanga isiyojua angalau jina moja la kijana aliyekwenda kuchimba na asirudi, au aliyerudi na mgongo usionyooka.

Leo Bisie kuna mgodi wa viwanda wa kampuni ya Alphamin, ulioanza uzalishaji mwaka 2019, na mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Ni sehemu kubwa kwa mgodi mmoja, ingawa China, Indonesia, Myanmar na Peru nazo hutoa bati. Machi 2025, vita vilipokaribia Walikale mjini, mgodi ulisimamisha kazi, na bei ya bati duniani ikaruka. Wanunuzi wa London walitambua kwa siku chache kwamba Walikale iko duniani.

Siwezi kuapa kwamba bati lililomo katika mashine ya dada yetu lilipita katika mgongo wa kijana wa kwetu. Hakuna anayeweza kuapa hivyo, maana bati likishayeyushwa halina kijiji. Lakini katika kila mashine inayotupwa ikiwa bado ingeweza kupona, madoa yale hutupwa pamoja nayo, na mahali fulani mzigo mwingine hubebwa ili kuyafidia.

Hapo ndipo mafundisho ya Kanisa letu yanapokutana na bisibisi. Mwaka 2015, katika waraka *Laudato Si'*, Papa Fransisko alieleza kwamba utamaduni wa kutupa vitu na utamaduni wa kuwatupa watu ni ugonjwa mmoja. Alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, zilikuwa zimepita siku tano tu tangu Kitshanga kutwaliwa na M23, na wengi wetu tulikuwa njiani na magodoro vichwani. Kutoka Kinshasa aliiambia dunia iache kuifanya Afrika mgodi wa kunyonywa. Tuliokuwa na redio yenye betri tulimsikia.

Lakini fundisho lenyewe ni la zamani zaidi. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliandika kanuni kwa ajili ya watawa wake, na humo, kati ya zaburi na mifungo, aliweka sura kuhusu majembe na vyombo. Mtunza ghala aviangalie vifaa vyote vya nyumba kama vile ni vyombo vitakatifu vya altare. Abati awe na orodha ya zana zote, ajue anachotoa na anachopokea. Na mtawa akivunja kitu, awe jikoni, ghalani au bustanini, aende mara moja mwenyewe kukiri mbele ya abati na jumuiya. Zamani niliona sura hizo kuwa udogo wa mambo. Sasa naona kwamba Benedikto alijua jambo ambalo mapatano ya Geneva yalitaka tulisahau: kila chombo kimebeba kazi ya mtu, na kukivunja kwa uzembe ni kumkosea mtu huyo.

Sisi wenyewe tulipewa shule ya jambo hili bila kwenda monasterini. Tazama chukudu. Tangu miaka ya 1970 chombo hiki cha mbao kimebeba viazi, kabichi na makaa ya Masisi na Rutshuru hadi Goma, ambako kimejengewa sanamu ya rangi ya dhahabu. Hakina siri hata moja. Magurudumu ya mbao yamevikwa mpira uliokatwa kutoka tairi kuukuu, na ubao ukipasuka njiani, mwendeshaji huutoa na kuweka mwingine. Aliyekiunda na anayekitengeneza mara nyingi ni mtu yuleyule. Ukiuliza chukudu fulani lina umri gani utapata jibu la kuchekesha, kwa sababu uti wa mgongo ni wa mwaka huu, usukani ni wa mwaka juzi, na gurudumu la nyuma lilirithiwa.

Najua mtu ataniambia: tunatengeneza kwa sababu hatuna fedha, usiuite umaskini kuwa fadhila. Ni kweli. Baada ya moto wa mwaka 2013, sehemu kubwa ya mji wetu ilipoteketea katika mapigano, hatukunyoosha misumari iliyookotwa majivuni kwa sababu tulikuwa tumemsoma Benedikto. Tuliinyoosha kwa sababu hatukuwa na mingine. Lakini aliyenyoosha msumari anajua jambo ambalo asiyewahi kuunyoosha halijui, na sioni kwa nini ujuzi huo uonewe haya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ndilo linalonirudisha mwaka 1985. Kama watu wa Ulaya wote watatengeneza mashine zao na simu zao, nani atanunua jiwe la Walikale? Tumekwisha kuona kinachotokea soko linapofungwa ghafla. Bei ilipoanguka, hatukupata amani, tulipata njaa. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria kuhusu madini ya maeneo ya vita, na serikali yetu ikafunga uchimbaji katika Kivu na Maniema kuanzia Septemba hadi Machi ya mwaka uliofuata. Nia ilikuwa njema, lakini wachimbaji wengi walikosa karo ya watoto, na wenye bunduki hawakuondoka. Kwa hiyo simwambii dada yetu kwamba akitengeneza mashine yake atamkomboa mtu wa Bisie. Hatamkomboa. Nadhani tu kwamba jiwe linalochimbwa kwa gharama hiyo linastahili kutumika miaka 20 na si miaka 3, na kwamba mchimbaji angekuwa na heri zaidi kuuza kidogo kwa bei ya haki kuliko kuuza kingi kwa bei inayomfanya kila kipya kuwa rahisi kuliko fundi. Jinsi ya kufika huko ni jambo ambalo wakubwa kuliko chama chetu wameshindwa.

Kuna dalili kwamba huko Ulaya wameanza kujiuliza. Tarehe 18 Oktoba 2009, mjini Amsterdam, Martine Postma aliwaita majirani walete vifaa vyao vilivyoharibika, wakae meza moja na wenye ujuzi, wavifungue pamoja bila malipo. Mikusanyiko ya namna hiyo imeenea katika nchi nyingi, na mashine za kufyonza vumbi ni miongoni mwa vitu vinavyoletwa mara nyingi zaidi. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni iliyodai kwamba mota ya mashine hizo idumu angalau saa 500, na bomba lake livumilie kukunjwa mara 40,000. Mwaka 2024 ukapitisha sheria inayowalazimu watengenezaji kukubali kutengeneza bidhaa kadhaa hata baada ya dhamana kwisha, na mashine za kufyonza vumbi zimo katika orodha. Karne moja baada ya faini ya Phoebus, sheria imeanza kugeukia upande wa pili.

Basi tulimjibu dada yetu kwa maneno machache ya kifundi, tuliyosaidiwa na fundi redio wa sokoni ambaye hajawahi kuiona mashine hiyo lakini anazijua mota. Asiseme imekufa kabla hajaisafisha. Kichujio kikiziba, mota hupata joto na kinga yake hukata umeme. Wakati mwingine kupoa kwa saa moja kunatosha kuifufua. Achunguze waya pale unapoingia ndani, maana hapo ndipo unapopindwa kila siku. Kisha brashi za kaboni. Mota yenyewe ikiwa imeungua, hapo anunue nyingine bila kujilaumu, na ile ya zamani aipeleke panapokusanywa vyuma ili shaba yake irudi kazini.

Alituandikia baada ya majuma mawili. Aliipeleka kwenye meza ya majirani katika mtaa wake, na mzee mmoja, mstaafu wa reli, akakuta waya umekatika ndani ya ganda lake, mahali palepale fundi wetu alipopataja. Akaukata, akauchuna, akayeyusha tone la bati na kuuunga. Dada yetu alimwomba amwonyeshe kigurudumu kilichozungushiwa waya wa bati, akakigeuza huku na huku akitafuta palipoandikwa mahali ulikotoka. Palikuwa na jina la kiwanda, unene wa waya, na kiwango cha joto cha kuyeyukia.